Vyura Wanalia Kila Mahali, Mbona Tunaambiwa Wanapungua?

Masika yakishika, anayelala jirani na majaruba ya mpunga hahitaji kuambiwa kuwa vyura wapo. Ni kelele usiku kucha. Asubuhi anasikia redioni kwamba vyura ni miongoni mwa wanyama walio hatarini zaidi duniani, anabaki kujiuliza hao wataalamu huwa wanahesabia wapi. Vijijini kuna swali jingine la namna hiyo: kama kufyeka msitu kunamaliza nyoka, mbona tangu tufyeke ndio kwanza wanaingia hadi jikoni? Na barazani, kwa zaidi ya miaka 20 sasa, halijaisha lile la Kihansi, mto wa Tanzania uliojengewa kituo cha umeme: nchi yenye kiu ya umeme iliwezaje kuhangaikia vyura?

Hakuna anayedanganya hapo. Mwenye jaruba anasema kweli na redio inasema kweli. Kinachowatenganisha ni kwamba mmoja anahesabu vichwa na mwingine anahesabu spishi, yaani aina. Bonde moja linaweza kuwa na maelfu ya vyura wanaolia kwa pamoja na wote wakawa wa aina tatu au nne. Msitu wa mlimani juu yake unaweza kuwa karibu kimya, huku ndani yake wakiishi vyura wa aina nyingi zaidi, baadhi yao wasiopatikana kokote kwingine duniani. Msitu ukigeuzwa shamba, kelele za bondeni hazipungui, pengine zinaongezeka. Aina ndizo zinazopungua.

Kabla hatujaenda mbali tuelewane maneno. Amfibia ni kundi la vyura pamoja na ndugu zao. Huku kwetu kusini mwa Sahara ndugu hao ni sesilia, wanyama wasio na miguu wanaoishi udongoni, ambao wengi wetu tukiwafukua kwa jembe tunadhani ni minyoo mikubwa au vinyoka. Reptilia ni nyoka, mijusi, vinyonga, kenge, kobe, kasa na mamba. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi ni pale eneo linapobadilishiwa kazi: msitu ukawa shamba la chai, kinamasi kikawa mashamba ya mboga, pori likawa viwanja, maporomoko ya maji yakawa kituo cha umeme. Angalia kwamba sikusema "kukata miti". Mengi ya mabadiliko haya hutokea miti ikiwa bado imesimama.

Tathmini ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2022 ilipima zaidi ya spishi 10,000 za reptilia, ikakuta takribani asilimia 21 ziko katika hatari ya kutoweka. Ya amfibia, iliyochapishwa mwaka 2023, ilipima karibu spishi 8,000 na kukuta asilimia 41. Katika makundi yote mawili, kilimo na upotevu wa makazi ndio waliotajwa mbele ya visababishi vingine.

Ngozi inayovuja

Kwa nini amfibia wanaumia karibu mara mbili ya reptilia? Anza na mtungi wa udongo. Mtungi hutoa jasho: maji hupenya kwenye kuta zake taratibu, na ukiuweka kivulini penye unyevu unakaa na maji siku nyingi. Uweke juani penye upepo, utakuta umepungua kabla ya jioni. Ngozi ya chura iko hivyo. Maji hupita kuingia na kutoka, hewa pia hupita, na chura hanywi kwa mdomo bali hukalia mahali penye unyevu akafyonza kwa ngozi ya tumbo na mapaja. Dawa za kuua wadudu nazo hupita njia hiyo hiyo. Mayai yake hayana ganda, ni ute mtupu.

Kwa hiyo chura wa msituni haishi "kwenye ardhi" kwa maana tunayoitumia sisi. Anaishi ndani ya hewa ya chini kabisa, ile iliyo kati ya udongo na magoti ya mtu, ambako majani yaliyooza yanashika unyevu na jua halifiki. Ondoa kivuli, au hata majani yale tu, na hewa hiyo inabadilika siku hiyo hiyo.

Reptilia wana magamba na mayai yenye ganda, ndiyo maana ukame wa shambani hauwaumizi kwa haraka hivyo. Tatizo lao ni joto. Tunasema wana damu baridi, lakini damu ya mjusi aliyeota jua saa sita mchana si baridi hata kidogo. Maana yake ni kwamba mwili wake unafuata joto la mahali alipo. Mjusi wa mbugani amezoea kuchomwa. Mjusi au kinyonga wa ndani ya msitu wa tropiki amezoea hali isiyobadilika sana mwaka mzima, na mara nyingi anaishi karibu na kikomo cha joto analoweza kulivumilia. Ukimfungulia jua hafi palepale. Anajificha mchana, saa zake za kuwinda zinapungua, anakonda, hatagi vya kutosha. Baada ya miaka kadhaa hayupo, na hakuna mtu aliyemwona akifa.

Si kila chura anahitaji bwawa

Shuleni tulifundishwa kuwa chura hutaga majini, mayai yanakuwa viluwiluwi, viluwiluwi vinaota miguu. Ni kweli kwa wale wa majarubani. Lakini panda milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, kusini mwa Tanzania, uone jinsi somo lile linavyopwaya.

Vyura wadogo wa jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) Arthroleptis hutaga kwenye majani makavu sakafuni, na yai linapoanguliwa hatoki kiluwiluwi bali chura kamili, mdogo kuliko kucha. Hoplophryne wa milima ya Usambara huzalia katika maji kidogo yaliyotuama ndani ya mashina ya mianzi na kwenye makwapa ya majani ya migomba mwitu. Na wapo wa jenasi Nectophrynoides, wanaopatikana Tanzania peke yake, ambao hawatagi kabisa. Wanazaa. Mama anabeba mimba na kutoa vichura vilivyokwisha kukamilika. Kati ya maelfu ya spishi za vyura duniani, wanaoweza hivyo ni wachache mno, na walio wengi kati yao wako hapo.

Haya si mapambo ya kusimulia. Ndiyo yanayoamua nani abaki na nani aondoke. Mkulima akifyeka msitu na kuchimba lambo la kumwagilia, amewajengea wodi ya uzazi vyura wanaotaga kwenye madimbwi, na amewavunjia wanaotaga kwenye majani na mianzi. Chura mmoja mkubwa wa bustanini, Sclerophrys gutturalis, yule anayekuja chini ya taa ya kibarazani kula kumbikumbi, ni mfano mzuri wa walioneemeka. Mwaka 1922 alipelekwa kisiwani Mauritius ambako hakuwepo, akaenea. Siku hizi yuko hata kwenye bustani za Cape Town, ambako wamehangaika kumwondoa. Huyu ukimgeuzia msitu kuwa kitongoji anakushukuru.

Kwa vinyonga ni hivyo hivyo. Chamaeleo dilepis, yule mkubwa wa kijani mwenye mikunjo ya ngozi nyuma ya kichwa, anaishi vizuri kwenye michungwa na ua wa nyumba. (Hana sumu. Hajawahi kuwa nayo, na kumtupia mawe hakumwondolei mtu mkosi wowote.) Lakini vinyonga wa jenasi Rhampholeon, wa ukubwa wa kidole, wenye rangi ya jani kavu na wanaotembea sakafuni mwa msitu, hutawaona kwenye ua wa mtu yeyote.

Msitu kwa mbali, shamba kwa ndani

Usambara Mashariki ni mahali pazuri pa kuona kwamba kuhesabu miti hakutoshi. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo pale Amani mwaka 1902, na tangu hapo milima ile imepandwa karibu kila kitu: kahawa, kwinini, chai, iliki, mitiki. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, lakini historia yote ile bado imesimama mlimani, unaweza kuipita kwa miguu.

Chukua iliki. Ukitazama kutoka bondeni, shamba la iliki ni msitu. Mmea huo unapenda kivuli, kwa hiyo mkulima anaiacha miti mikubwa. Anachoondoa ni vichaka na miche ya chini, na anapunguza matawi ili mwanga uingie kiasi. Picha ya kutoka angani itakuambia msitu upo. Chura wa majani makavu atakuambia vingine: sakafu imesafishwa, na miche iliyofyekwa ndiyo ingekuwa miti ya miaka 50 ijayo. Miti ile ya juu ikizeeka haina mrithi.

Chukua mitiki. Chini ya Amani, wilayani Muheza, kuna shamba kubwa la mitiki la Longuza. Ni miti, tena mirefu na ya thamani. Lakini mtiki hupukutisha majani wakati wa kiangazi, yaani huondoa kivuli katika miezi ile ile ambayo sakafu inakihitaji kuliko wakati wowote. Au chukua Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi. Ni mti wa Afrika, wala si mgeni kutoka ng'ambo, ila kwao ni upande wa Ziwa Victoria na misitu ya magharibi. Ulipopandwa Usambara, hondohondo walikula matunda yake wakatawanya mbegu, nao ukaingia kila penye mwanya msituni. Majani yake huoza upesi, hivyo zulia la sakafuni huwa jembamba. Kila mwenye kampeni ya "panda miti" anapaswa kuulizwa swali moja kwanza: mti gani, na mahali pa nini?

Kisha kuna suala la ukingo, na hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Pale msitu unapokutana na shamba, jua na upepo huingia kwa ubavuni. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba ukavu huo unapenya mita 100. Msitu wa mraba wenye upande wa kilomita moja una hekta 100. Ondoa mita 100 kila upande, katikati panabaki hekta 64 zenye unyevu wa kweli. Sasa ugawe msitu huo katika miraba minne iliyotenganishwa na mashamba, jumla ikiwa bado hekta 100: kila mmoja unabaki na hekta tisa za katikati, zote pamoja 36. Ugawe tena katika vipande 25 vya mita 200 kwa mita 200. Miti ni ile ile, hekta ni zile zile 100, na katikati hakuna kilichobaki. Msitu wote umekuwa ukingo.

"Si watahamia kwingine?" Hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Tembo anaweza. Chura wa urefu wa sentimita mbili hawezi kuvuka mita 500 za ardhi iliyolimwa, mchana wa Januari. Na kwa walio mlimani hakuna huko kwingine: chini ni joto, juu ni kilele, upande wa pili ni bonde pana kisha mlima wenye wenyewe. Chura aitwaye Parhoplophryne usambarica anajulikana kwa sampuli moja tu, iliyookotwa Amani mwaka 1926.

Jibu la nyoka jikoni nalo linapatikana hapa. Msitu ukifyekwa, nyoka wa miti ya msituni, kama yule mdogo mwenye vipembe juu ya macho, Atheris ceratophora, hupotea kimyakimya. Shamba la mahindi linaleta ghala, ghala linaleta panya, panya wanaleta swila na kifutu. Kwa hiyo mwanakijiji anayesema nyoka wameongezeka anaweza kuwa sahihi kabisa, na hao walioongezeka ndio wenye sumu inayoua watu. Hasara ya aina na ongezeko la hatari vimekuja kwa mlango mmoja.

Shamba lililo bora kuliko miti

Nisingependa msomaji aondoke akidhani shamba daima ni adui. Katika mlima wa Sagalla, Taita, kuna sesilia aitwaye Boulengerula niedeni, aliyetambuliwa rasmi na sayansi mwaka 2005, na hapatikani popote nje ya mlima huo. Anaishi mashambani. Anataka udongo laini, wenye unyevu na takataka za mimea, na shamba la migomba karibu na kijito linampa yote hayo. Kinachomtesa ni mikaratusi iliyopandwa kwa wingi pale, ambayo hunyonya maji na kuacha udongo mgumu. Hapo, kung'oa mti na kupanda miti ya asili au hata kuliacha shamba libaki shamba kumekuwa ndio uhifadhi, na kazi ya kuondoa mikaratusi imefanywa kwa kushirikiana na wakulima wenyewe.

Nduguye wa Taita, Boulengerula taitana, ana malezi ambayo yalishangaza dunia yalipoelezwa mwaka 2006. Mama akishaangua, ngozi yake ya juu hunenepa na kujaa mafuta, na watoto wenye meno maalumu huimenya na kuila. Haumii, inaota tena, wanamenya tena. Mnyama huyo ndiye tunayemkata vipande kwa jembe tukidhani ni nyoka.

Kihansi, kwa ufupi usio wa utani

Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, alikuwa na makazi ya takribani hekta mbili, yaani eneo la kama viwanja vitatu vya mpira, lililoloweshwa mchana na usiku na mvuke wa maporomoko ya mto Kihansi katika milima ya Udzungwa. Aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa tayari unajengwa. Mitambo ilipowashwa, sehemu kubwa mno ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mabomba, na mvuke ukakatika. Shida haikuwa miti kukatwa. Hewa ndiyo iliyokauka.

Mwishoni mwa mwaka 2000, karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama, na pale korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji kuiga mvuke. Yalifanya kazi: kufikia katikati ya 2003 vyura walikadiriwa kuwa kama 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa karibu kwisha wote. Palikutwa ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya amfibia, na matope yenye dawa za mashambani yaliyofunguliwa kutoka bwawani pia yalishukiwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Waliosema fedha nyingi zilitumika kwa ajili ya vyura hawakukosea. Ila zilitumika kwa sababu uchunguzi wa viumbe wa kutosha ulikuja baada ya ujenzi kuanza. Kumpangia chura maji yake kwenye michoro ni rahisi sana kuliko kumjengea mvua ya bandia, kumsafirisha kwa ndege na kumrudisha. Na mvua hiyo ya bandia haina siku ya kuzimwa.

Mkulima afanye nini?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru uhifadhi wa mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake. Kwa vyura wa vijitoni ni kanuni nzuri. Lakini ekari moja ikiwa mraba ina upande wa kama mita 64. Mtu mwenye ekari moja kando ya kijito huko Lushoto, akiitii sheria neno kwa neno, anabaki na tuta la mita nne. Ndiyo maana haitiiwi, na kumwita mkulima huyo mharibifu hakuongezi kitu. Pale Derema, huko Usambara Mashariki, ambako mashamba ya iliki yalitwaliwa ili kuunganisha misitu ya Amani na ile ya kaskazini, wakulima walilipwa fidia, na manung'uniko juu ya fidia yalidumu muda mrefu.

Ukanda mwembamba wa kijitoni wenye migomba, miti ya asili na magugu yasiyofyekwa bado unamfaa chura kuliko ukingo mtupu. Kutandaza mabua badala ya kuyachoma kunamfaa sesilia na mjusi, na udongo pia. Haya yanawezekana kwenye ekari moja. Kwa wale wa ndani kabisa, kinyonga wa sakafuni na chura anayezaa, hayatoshi. Hao wanategemea msitu mkubwa usiokatwa vipande, na hiyo si kazi ya mwenye ekari moja bali ya anayechora barabara, anayegawa mashamba makubwa na anayepanga mahali pa kupitisha mabomba.